Kofia Zako na Jua la Miyuji

Shabani mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi uliponiamkia, na tutapeana tena ukirudi kutoka kuaga rafiki zako, kwa hiyo karatasi hii sitaijaza kwa salamu. Nimekaa uani, nyuma ya jiko, pale kivuli kinapofika alasiri. Baba yako amejilaza ndani, mgongo umemsumbua tangu jana. Kesho unapanda treni kwenda chuo cha ualimu Tabora, na mimi nimechoka. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Ukikuta mahali nimeandika ovyo, ujue tu ni kwa sababu hiyo.

Sitakuandikia habari za kufua soksi, wala kuchemsha maji, wala kusali kwa wakati. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka. Nataka kukuandikia habari za kofia. Najua utatikisa kichwa, useme mama hana kingine. Ni kweli, sina kingine. Wazazi wengine walihangaika na watoto wao kwa ulevi na wizi. Mimi nimehangaika na wewe kwa kofia, na kuna mambo sijawahi kukusimulia kwa sababu kila tulipoanza kuzizungumza tuliishia kugombana.

Mjomba wako Issa, kaka yangu, hukumjua vizuri. Alifariki ukiwa na miaka minne. Alikuwa kama wewe, ngozi nyeupe na nywele rangi ya ndevu za mahindi. Huko kwetu Kondoa walimwita zeruzeru mbele yake bila hata kupunguza sauti, na yeye aliitika kama ndilo jina lake. Alilima ulezi mlimani. Kichwani alivaa baraghashia tu, ile nyeupe ya kushonwa kwa mkono. Baraghashia unaijua, inafunika utosi na inaishia hapo. Masikio, pua na shingo vyote vinaachiwa jua.

Siku moja, nikiwa bado msichana, nilimpelekea uji shambani. Kilikuwa kiangazi, majani yamekauka yote, na shingo yake ilikuwa imewiva kama nyama. Nikavua kanga yangu ya kichwani nikampa.

"Kaka, jifunike."

Akaangalia huku na huku, akanirudishia. "Unataka wanicheke? Mwanamume na kanga?"

"Nani atakucheka huku? Kuna mbuzi tu."

"Hao mbuzi wana wenyewe," akasema. Akacheka, akashika jembe lake.

Ulipozaliwa alikuja Dodoma kwa lori la vitunguu kukuona. Watu wengi walikuja kunipa hongera, na wengi walikuwa wakishakufunua wanageuza macho haraka, wanaanza kuzungumza habari za mvua. Issa hakugeuza macho. Alikupakata, akakuangalia mpaka ukalala.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huyu mtafutie kofia. Yenye ukingo."

"Mbona wewe huna?"

"Nitaipata wapi? Dukani kuna nini?"

Alisema kweli. Ile ilikuwa miaka ya duka la kaya, tunapanga foleni kwa ajili ya sukari na kipande cha sabuni, na ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Kofia ya ukingo mpana ungeiona kichwani mwa padri mzungu au kwenye picha. Mwaka uliofuata Issa akatoka kidonda nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mtama. Akakitia dawa za majani. Kikashuka shingoni, na alipokubali kuletwa hospitali hakuna aliyeweza kumfanyia kitu. Tulipotoka mazikoni tulipata nafasi juu ya lori, wewe mapajani mwangu, na nilikuwa nimekufunika kanga mbili hata utingo akaniuliza kama mtoto anapumua.

Tangu siku hiyo, Shabani, sikuwa na akili nyingine. Nilikushonea kofia kwa kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye suruali ya baba yako. Sikuwa fundi, ukingo ukawa unakuangukia machoni, nawe unajikwaa kila hatua. Nikashona nyingine nikautia kadibodi ndani, ikanyeshewa mvua siku ya kwanza. Wakati ule nilikuwa mpiga chapa ofisini, na nilikuwa nikipiga barua za wakubwa huku nawaza kofia.

Halafu ofisi ikapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Unakumbuka nilivyokaa ndani, sitaki hata kwenda bombani. Lakini mitumba ilikuwa imeshaanza kuingia kwa wingi, marobota kwa marobota, na shangazi yako akanisukuma nikaanze biashara sokoni Majengo. Robota langu la tatu lilikuwa la kofia. Nilipolifungua nikaiona juu kabisa kofia ya majani, pama yenye ukingo mpana kama sinia. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka. Ilikuwa na utepe wa zambarau, nikauchana nikautupa. Sikujua kama ni kofia ya kike, na hata ningejua nisingejali.

Wenzako walijua. Ulirudi umeikunja kwapani.

"Mama, wananiita bibi harusi."

Nikakujibu kwamba wao ngozi yao ni yao na wewe yako ni yako, vaa. Jibu lilikuwa sahihi na halikukusaidia hata kidogo. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa naangalia jua tu, na wewe ulikuwa unaangalia watu. Hilo nimelielewa nikiwa mtu mzima sana.

Hukujua pia kwamba nilikwenda kwa mwalimu wenu mkuu. Alikuwa hataki kofia mstarini asubuhi. Alinipa kiti, akanisalimu vizuri, kisha akasema, "Mama Shabani, kofia si sare."

"Mwalimu, mtoto wangu anaungua."

"Namwona. Lakini nikimruhusu mmoja, kesho shule nzima imevaa kofia."

"Waache wavae. Kuna mtoto gani hapa Dodoma jua halimchomi?"

Akacheka kidogo, akapanguza miwani yake. Hakuwa mtu mbaya. Akaamua kwamba wakati wa mstari wewe usimame barazani pa ofisi, kivulini, na kofia yako. Nilitoka pale najiona mshindi. Wiki ile ile nilipita njia ya shule nikakuona kwa mbali. Watoto mia kadhaa wamepanga mistari wanaimba, na wewe uko peke yako barazani, ukingo umekufunika uso. Siku ya pili mwalimu akaniambia umeiacha kofia kwenye mkoba na umejipanga juani na wenzako. Nikakuuliza kwa ukali, na wewe ukanijibu polepole, "Mama, pale barazani nasimama na majembe."

Kweli, ndipo majembe ya shule yalipoegemezwa. Ningekaa kimya nikafikiri. Badala yake nikakugombeza, na nikaendelea kukugombeza kila asubuhi kwa mwaka mzima. Ulitoka nyumbani umevaa, ukafika kwenye kona ya mashine ya kusaga ukavua. Majirani waliniambia. Nami nilikuwa nakupigia kelele zaidi, kama mtu anayemwita kiziwi.

Ukiwa darasa la saba ukatoka kidonda juu ya sikio la kushoto. Ulikuwa unakificha kwa mkono. Siku nilipoushusha huo mkono wako, nilikaa chini kwenye mchanga. Nilikijua kile kidonda kabla daktari hajakiona.

Ya hospitali ya Dar es Salaam unayakumbuka mwenyewe. Lakini ulikuwa umelewa dawa wakati daktari anatupa majibu, mimi na baba yako. Alikuwa mwanamke mdogo, sauti yake ya chini. Alisema wamekata kipande cha sikio na kidonda wamekiwahi, na akatuambia mara mbili, wamekiwahi. Baba yako alitoka nje. Nilidhani amekwenda kuvuta sigara, na nilipomfuata nikamkuta ameegemea ukuta analia, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mama yake mzazi sikumwona akilia. Ulipozinduka ukapapasa bandeji, ukamuuliza daktari, "Kile kipande kitaota tena?"

"Hakioti," akakuambia. "Lakini kilichobaki ni chako. Kitunze."

Tuliporudi ulikuwa huongei. Ukaenda na baba yako sokoni, mkarudi na kapelo nyeusi yenye maandishi mbele, kama wanayovaa vijana wote siku hizi. Niliiona tu nikakasirika. Nilisubiri utoke, nikamgeukia baba yako.

"Kapelo ina kimdomo mbele tu! Huoni masikio? Huoni shingo?"

"Nayaona masikio," akasema.

"Sasa?"

"Sasa ameomba kitu. Tangu tutoke hospitali hajaomba kitu."

Baba yako si mtu wa maneno, wewe unamjua. Ni fundi mwashi, kutwa anapanga matofali, na mafundi wenzake wakati wa jua kali wanakunja karatasi ya mfuko wa simenti wanaivaa kichwani, basi. Yeye Ijumaa anavaa baraghashia yake, siku nyingine kichwa wazi. Lakini siku chache baada ya ugomvi wetu alikuja kwenye meza yangu sokoni, vumbi la simenti mpaka kwenye nyusi. Akachukua pama moja ya kiume, rangi ya majani makavu.

"Bei gani hii?" akaniuliza, kama mteja.

"Ya nani?"

"Yangu."

Akaivaa pale pale, bila kuangalia kioo, akarudi kazini.

Walimcheka, mwanangu. Wakati ule walikuwa wanajenga ukumbi wa Chimwaga, na kwenye jengo lile walimpa jina la Bwana Shamba. "Bwana Shamba, mbolea imefika?" "Bwana Shamba, lini mnatupimia mashamba?" Kwenye kahawa jioni walimwambia amekuwa mzungu. Yeye alikunywa kahawa yake. Alivaa ile kofia kwenda kazini, sokoni, hata kumwona fundi baiskeli hapo jirani. Ijumaa aliivaa juu ya baraghashia, akifika mlangoni mwa msikiti anaivua na kuiweka pamoja na viatu. Hata wewe ulikuja kuniambia, "Mama, mwambie baba aiache ile kofia, wananicheka mimi." Nilimwambia. Akajibu ameshaizoea.

Hakukuambia wewe neno hata moja, na alinikataza nami nisiseme. "Nyamaza kidogo, Mama Shabani," aliniambia. "Umesema vya kutosha." Ilinikata maini. Nikanyamaza. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya maishani, kukuona unatoka na kile kikapelo mwezi wa kumi, jua limesimama juu ya Miyuji hapa kwetu, nami nimeshika mlango nanyamaza.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili ukaanza kwenda naye kazini kumsaidia kuchota maji ya zege. Sijui mlizungumza nini huko, au kama mlizungumza. Najua kwamba siku moja saa nane ulikuja kwenye meza yangu, umesimama nyuma ya wateja kama mgeni, na walipoondoka ukaniuliza, "Ipo kama ya baba?"

Niliinama chini ya meza kutafuta, na nilikaa huko chini zaidi ya ilivyohitajika.

Siku ile ndipo nilipokufundisha kuchagua, na naandika tena hapa kwa sababu Tabora utanunua mwenyewe. Inua kofia ulitazame jua kupitia kwenye msuko wa ukili wake. Ukiona vitundu vya mwanga, iache hata kama ni nzuri kiasi gani, maana mwanga ule utashukia usoni. Ukingo uwe mpana kama kiganja chako, pande zote, nyuma hasa. Chini ya ukingo pawe na rangi ya giza, kwa sababu ardhi yetu hii nyeupe inarudisha mwanga machoni, na macho yako unayajua. Itie kamba ya kidevuni, upepo wa huku hauna adabu. Na isikubane. Nimewauzia wanaume kofia miaka mingi sasa, mafundi, walimu, hata waheshimiwa wakati wa Bunge, na nimejifunza kwamba mwanamume atanunua kofia ndogo kwa sababu ni mpya au imempendeza kwenye kioo, halafu ataivua kila dakika na kupangusa paji la uso, na mwishowe itabaki nyumbani msumarini. Kofia inayokufaa ni ile unayosahau kuwa umeivaa.

Ila kuna jambo moja ambalo sikukufundisha, na ndilo lililonifanya niombe karatasi hii kwa jirani. Mwaka jana, saa sita mchana, nilikuona bombani na Rehema, yule binti wa mwalimu. Mlikuwa mnacheka. Nikaona unavua kofia, unaishika mkononi, unasimama hivyo juani ndoo yake ikijaa. Sikukuita. Nilitaka kukuita, nikajizuia. Nilielewa unataka akuone uso. Unataka akuone kijana, si kofia inayotembea. Nami nilikuwa msichana, najua ndoo ile ilikuwa imejaa zamani.

Nikasimama na mzigo wangu kichwani nikahesabu kimoyomoyo jua linalokuingia, kama ninavyofanya siku zote. Kisha nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Kama ningekuwa mimi ningevua? Ningevua, mwanangu. Ningevua.

Kwa hiyo sitakuambia usivue kamwe, maana utavua na hutaniambia. Nakuomba tu, ukitaka kuonekana, msogeze mwenzako kivulini. Mwambie jua linakuumiza, tuhamie pale. Asiyetaka kusogea hatua tano kwa ajili yako, huyo hata ukivua hatakuona. Kaka yangu Issa hakuwahi kumwomba mtu asogee kivulini naye. Aliona ni aibu. Wewe omba. Omba wanachuo wenzako, omba wanaokupangia kazi za mikono, omba hata usiowajua. Watakaocheka watacheka, wakimaliza watanyamaza, nimewaona wakimaliza. Waliomwita baba yako Bwana Shamba, wawili kati yao sasa ni wateja wangu.

Na ukishakuwa mwalimu, siku moja atakuja kwako mtoto mwenye ngozi kama yako, mama yake nyuma yake amekasirika. Utajua la kufanya kuliko mimi na kuliko yule mwalimu mkuu. Usimweke peke yake mahali penye kivuli. Fikiri namna nyingine, wewe ndiye msomi.

Kidonda chochote kisichopona ndani ya wiki mbili, nenda hospitali, usikifiche kwa mkono. Samahani, nilisema sitatoa maagizo ya kila siku. Hili limenitoka.

Kesho stesheni utakwenda na baba yako. Mimi nitakuagia mlangoni. Usidhani nimekasirika. Stesheni kuna watu wengi, na mimi nikilia nataka nilie kwangu, nikiwa na mahali pa kukaa.

Kuna kitu hukijui, hata baba yako hakijui. Tangu ulipozaliwa, kila siku nikiamka natoka uani kabla sijanawa uso, naangalia upande wa mashariki nione jua la leo litakuwaje. Kama kuna wingu, nashusha pumzi. Kama anga ni nyeupe, siku yangu imeshaharibika kabla sijawasha moto. Nimefanya hivyo miaka ishirini. Nadhani huko ndiko uchovu huu umetoka.

Keshokutwa nitatoka uani na wewe utakuwa Tabora, chini ya jua ambalo siwezi kuliona. Sijui nitasimama pale nifanye nini. Labda nitaona kwamba ni asubuhi nzuri, kavu, yenye upepo, na nitaanika nguo.

Mama yako